Bima wanasema paa lilikuwa chakavu, wanataka nisaini nilipwe robo tu. Kuna haja ya wakili hapa?

Paa_Limeenda

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni ushauri hasa kwa waliowahi kuvutana na kampuni ya bima mpaka mwisho, naandika nikiwa nimechoka sana kwa hiyo nikiruka ruka mnivumilie.

Wiki 7 zilizopita usiku ulikuja upepo na mvua ya nguvu, ukang'oa paa upande mmoja wa nyumba, vyumba viwili na korido, mabati mengine asubuhi tuliyakuta nje ya ukuta yakiwa bado yameshikana na papi zake (zile mbao yanakopigiliwa). Mvua haikukatika mpaka alfajiri, dari ikaloa ikashuka yote, waya za taa zikaingia maji, magodoro, kabati, madaftari ya watoto, kila kitu. Tunashukuru hakuna aliyeumia.

Nyumba ina bima, huu ni mwaka wa 6 na sijawahi kuchelewesha malipo hata mara moja. Kesho yake nikatoa taarifa kwa simu, siku ya 3 nikapeleka barua. Wakamtuma mtathmini wao, akakaa kama dakika 20, akapiga picha akiwa chini, juu hakupanda kabisa. Akaniuliza paa lina miaka mingapi nikamwambia ukweli, 14. Akaandika, akaondoka.

Juzi jibu limekuja, barua ya nusu ukurasa, wanasema uharibifu "kwa sehemu kubwa umetokana na uchakavu na kukosa matengenezo" na hivyo haumo kwenye kava, yaani vitu ambavyo bima inafidia, ila watanilipa kiasi fulani ambacho nikipiga hesabu ni robo ya makadirio ya fundi. Pamoja na hiyo barua kuna karatasi ya kusaini imeandikwa malipo kamili na ya mwisho. Nikampigia wakala aliyenikatia bima, ananiambia saini kwanza uchukue hiyo hela uezeke, mengine utalalamika baadaye.

Sasa naombeni mnisaidie, nisaini? Nikitafuta wakili si ndo hela yote itaishia kwake? Na kuna muda wa mwisho wa kulalamika au nikikaa hata mwaka haki yangu ipo? Watoto wote wanalala sebuleni, juu kuna turubai, wingu likijikusanya tu usingizi unakata.

---

Nilisaini_2

Dada pole sana. USISAINI. Nasema kwa herufi kubwa kwa sababu mimi nilisaini.

Yangu ilikuwa moto wa jikoni. Wakanipa makadirio yao, yakaonekana yana afadhali, nami nilikuwa na haraka familia irudi nyumbani, nikasaini ile karatasi bila kuisoma vizuri. Fundi alipobomoa plasta akakuta waya zote za ule ukuta zimeyeyuka mpaka chumba cha pili, nikarudi bima nikiwa na picha mkononi wakanionyesha sahihi yangu. Nilimwendea wakili akaisoma mara mbili akanirudishia, akasema hapa ulikubali kwamba huwadai tena chochote kuhusu tukio hili, kuivunja hii tutahitaji kuthibitisha ulidanganywa au ulilazimishwa. Na sikuwa nimelazimishwa, nilikuwa nimechoka tu.

Huyo wakala wako anayesema saini halafu ulalamike, mwambie akuandikie hayo maneno kwenye karatasi uone kama ataandika.

---

Wakili_wa_Zamu

Pole sana dadangu. Mimi ni wakili, madai ya bima nimeyashughulikia miaka mingi pande zote mbili, nimewahi kutetea kampuni na nimewahi kutetea wenye nyumba. Sheria zinatofautiana nchi na nchi kwa hiyo nikisemacho hapa ni yale ambayo karibu kila mahali utayakuta, lakini mkataba wako lazima usomwe na mtu aliye kwenye sheria za kwako. Nitaandika kirefu kidogo.

Kwanza hiyo karatasi. Aliyekutangulia kasema kweli, ukisaini malipo kamili na ya mwisho umefunga mlango mwenyewe. Ila usiwarudishie kimya. Waandikie kwamba hukubaliani na kiasi, na kwamba uko tayari kupokea hicho wanachokiri kama malipo ya sehemu tu, bila kuathiri haki yako ya kudai kinachobaki. Kampuni nyingine zitakubali, nyingine zitagoma, lakini umeshaweka kwenye rekodi kwamba hukuikataa hela, ulikataa kufungwa mdomo.

Pili, na hapa ndipo kesi yako ilipo. Wamechanganya vitu viwili na sidhani kama ni bahati mbaya. Umri wa paa ni jambo moja na sababu ya paa kung'oka ni jambo lingine. Kinachoondolewa kwenye kava mara nyingi ni uharibifu uliosababishwa na uchakavu, yaani bati limeoza polepole mpaka likavuja lenyewe. Haisemwi kwamba nyumba yenye paa la miaka 14 haina bima ya upepo, ingekuwa hivyo wangekataa kuchukua malipo yako miaka yote 6. Swali ni je, usiku ule bila upepo paa lingeng'oka? Kama jibu ni hapana, una hoja nzito kwamba upepo ndiyo sababu, na upepo ndio uliokatia bima.

Kuna kesi ya zamani ya Uingereza, ya mwaka 1918, ambayo mawakili wa bima wanaijua kama majina yao. Meli ilipigwa torpido (kombora la chini ya maji) wakati wa vita, ikavutwa mpaka bandari ya Le Havre ikiwa bado inaelea, halafu ikaja dhoruba, ikawa inagonga chini kila maji yakipungua, baada ya siku chache ikavunjika ikazama. Bima haikufidia mambo ya vita lakini ilifidia hatari za bahari. Mwenye meli akasema dhoruba ndiyo iliyoizamisha. Mahakama ikasema hapana, torpido ndiyo iliyoiua, sababu inayohesabika ni ile yenye nguvu ya kuleta hasara na siyo ile iliyo karibu zaidi kwa saa. Mwenye meli alishindwa, lakini kanuni ile ile inakusaidia wewe, wanaosema kutu ndiyo iliyoangusha paa lako watuonyeshe hiyo kutu ilikuwa na nguvu gani usiku ule ikilinganishwa na upepo.

Na anayetakiwa kuonyesha ni wao. Hili watu wengi hawalijui. Kazi yako wewe ni kuthibitisha kwamba hasara imetokea na inaingia kwenye kitu ulichokatia bima, basi. Wakitaka kujificha nyuma ya kipengele cha kutofidia, mzigo wa kukithibitisha unahamia kwao. Na kama maneno ya kipengele yanaweza kusomwa namna mbili, mahakama huyasoma dhidi ya aliyeyaandika, na wewe hukuandika hata herufi moja ya ule mkataba.

Kwa hiyo barua yako ya kwanza, unaweza kuiandika mwenyewe leo hii bila wakili, iombe vitu vitatu: kipengele gani hasa cha mkataba wanachokitegemea kwa namba yake, nakala ya ripoti ya mtathmini pamoja na picha alizopiga, na hesabu iliyowafikisha kwenye ile robo. Hiyo ya tatu ni ya muhimu kuliko watu wanavyodhani. Usipojua robo imetoka wapi utabishana na kivuli.

Hiyo robo inaweza kuwa imetoka sehemu kadhaa. Labda wamekata uchakavu, maana kuna mikataba inayokulipa thamani ya kitu kama kilivyokuwa siku ya tukio na kuna inayokulipa kipya badala ya cha zamani, angalia yako ni ipi. Labda wamekata ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kila ukidai. Au labda wanasema ulikata bima pungufu, na hii inaumiza watu sana: tuseme kuijenga nyumba upya ni 100, wewe umeikatia bima ya 60, hasara imekuwa 20, hawakulipi 20, watakulipa 12, kwa sababu wanahesabu kwamba asilimia 40 iliyobaki uliamua kuibeba mwenyewe. Mtu anashangaa mbona 20 iko chini ya 60, lakini ndivyo kipengele kilivyo. Hapo angalia pia kiasi ulichokatia kililinganishwa na nini, kinachotakiwa ni gharama ya kujenga upya, bei ya kuuza pamoja na kiwanja haihusiki.

Kuhusu muda, usikae mwaka. Kuna muda wa kisheria wa kufungua kesi, kuna muda ulioandikwa ndani ya mkataba wenyewe ambao unaweza kuwa mfupi zaidi, na kuna muda wa kupeleka lalamiko kwa msuluhishi wa bima, yule anayeamua migogoro ya wateja na kampuni nje ya mahakama. Sehemu nyingi kuandikiana barua hakusimamishi saa. Nimeona madai mazuri kabisa yakifa kwa sababu mtu aliendelea kusubiri "tunalifanyia kazi".

---

kipimo_cha_mkono

Nimefanya kazi ya utathmini wa hasara kwa miaka 11, nimeshaacha. Nilikuwa natumwa na kampuni. Wakili kaeleza sheria, mimi niongezee upande wa paa lenyewe, maana huko ndiko kesi hizi zinakoshinda au kushindwa.

Mtathmini ambaye hajapanda hawezi kuniambia paa lilikuwa chakavu. Picha ya chini inaonyesha rangi ya bati tu. Uchakavu unaangaliwa kwenye matundu ya misumari, ukikuta tundu limepanuka na pembeni yake kutu imekula mviringo, hilo lilikuwa limelegea siku nyingi. Ukikuta bati limechanika, mchaniko una ncha kali inayong'aa, hiyo ni nguvu ya ghafla. Mbao vile vile, papi iliyovunjika na upepo ukiitazama ndani ni nyeupe na ina nyuzi nyuzi, iliyooza inakatika butu, nyeusi, inapukutika vidoleni. Wewe umesema mabati yalienda na papi zake mpaka nje ya ukuta. Dada yangu hilo ni jambo kubwa, msumari ukiwa umelegea bati linaruka peke yake linaacha papi kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), bati likiondoka NA papi maana yake msumari ulishika vizuri, kilichoshindwa ni mbao kubaki kwenye kenchi. Hizo papi ziko wapi? Zisichomwe, zisitupwe, zisigeuzwe kuni. Ziweke pakavu na uzipige picha kila upande.

Dari pia inazungumza. Maji ya siku moja yanaacha doa moja. Maji ya miezi yanaacha duara ndani ya duara kama miti inavyohesabika umri. Kama una kipande cha dari kisicho na hizo duara kihifadhi.

Picha zako usizitume kwa kuzipitisha kwenye mitandao ya kuchati tu, huko zinabanwa na taarifa za siku na saa zinapotea, hifadhi faili zenyewe kwenye simu na nakala sehemu nyingine. Nenda mamlaka ya hali ya hewa uombe kumbukumbu za upepo na mvua za usiku ule kutoka kituo cha karibu, karatasi ile ina uzito kuliko mashahidi kumi. Na kama majirani nao waliezuliwa piga picha na nyumba zao kwa ruhusa yao.

Halafu tafuta mtathmini wako mwenyewe au injinia wa majengo apande, aandike ripoti yenye jina lake na sahihi. Fundi wa kuezeka anajua kazi lakini makadirio yake ni bei tu, hayasemi SABABU, na ugomvi wenu ni wa sababu.

Lile turubai ulilofunika ulifanya vizuri mno. Mwenye bima anatakiwa azuie hasara isiongezeke, ungeacha wazi wangekukata. Risiti ya turubai na ya fundi aliyelifunga ziweke, hizo nazo mara nyingi unaweza kuzidai.

---

BintiYusufu

Mimi nina mawazo tofauti kidogo, sio kila kitu ni wakili jamani. Mimi bomba lilipasuka ukutani, bima wakakataa wakisema ni mvujo wa muda mrefu. Nikaandika lalamiko rasmi kwao kwanza, wakakataa tena, nikapeleka kwa msuluhishi wa migogoro ya bima. Kule sikulipa chochote, sikuwa na wakili, nilijaza fomu nikaambatanisha ripoti ya fundi bomba pamoja na bili za maji za mwaka mzima zinazoonyesha matumizi hayakupanda isipokuwa mwezi ule ule mmoja. Ilichukua miezi kama 5 lakini wakaamriwa kulipa. Wakili angenikula hela bure.

---

Wakili_wa_Zamu

@BintiYusufu umefanya vizuri na zile bili za maji ni ushahidi mzuri kuliko hata ambao mawakili wengi wangefikiria. Nakubaliana nawe kabisa, pale penye msuluhishi wa bima anza huko. Ila yapo ya kuangalia: wengi wana kikomo cha kiasi wanachoweza kuamua, wengi wanataka uwe umemaliza ngazi za malalamiko za kampuni kwanza na ukae na barua ya mwisho ya kukataliwa mkononi, na ukishafungua kesi mahakamani mara nyingi hawakugusi tena. Kwa hiyo mpangilio una maana. Soma pia kama mkataba una kipengele cha usuluhishi wa lazima kabla ya mahakama, kuna vinavyohusu kiasi tu na kuna vinavyohusu kila kitu.

Wakili unamhitaji lini? Wakikutuhumu udanganyifu. Wakisema mkataba ni batili tangu mwanzo. Hasara ikiwa kubwa kuliko kikomo cha msuluhishi. Muda ukiwa umebana. Na kabla ya kusaini chochote, hata kama ni mashauriano ya nusu saa tu, hiyo nusu saa ndiyo rahisi kuliko zote utakazowahi kulipia.

Malipo yapo ya aina nyingi, kwa saa, bei moja kwa kazi yote, au asilimia ya kitakachopatikana pale sheria inaporuhusu. Ya asilimia uliza mambo mawili kabla hujakubali: asilimia hiyo ni ya hela yote au ni ya kinachozidi kile ambacho bima walishakubali kulipa? Maana ile robo umeshaipata mwenyewe, kwa nini mtu mwingine aimegee. Na tukishindwa nani analipa ripoti ya injinia na gharama za upande wa pili? Yaandikwe.

Na geuza kurasa za nyuma za mkataba wako, mikataba mingine ya nyumba ina kava ya gharama za kisheria ambayo mtu aliiwekea tiki akasahau, ingawa mara nyingi haifidii ugomvi na kampuni ile ile. Kama huna uwezo kabisa, vituo vya msaada wa kisheria na kliniki za sheria za vyuo vikuu wanasaidia kuandika barua za namna hii.

---

kipimo_cha_mkono

Niongeze hapo kwenye asilimia. Baada ya dhoruba kubwa wanapita watu mlango kwa mlango, wanasema sisi tutakudaia, saini hapa. Wengine ni halali, Marekani kwa mfano kuna watathmini wenye leseni wanaomwakilisha mwenye nyumba na wanalipwa asilimia, na ni kazi inayoheshimika. Lakini omba leseni, na usisaini karatasi inayomhamishia fundi haki yako ya kudai bima. Nimeona mama mmoja akigundua kwamba hawezi hata kuongea na kampuni yake ya bima kwa sababu madai siyo yake tena.

---

Paa_Limeenda

Shikamoo wakili, shikamoo @kipimo_cha_mkono, na wote asanteni mno, nimesoma kila neno na nimelia kidogo, maana ni mara ya kwanza mtu ananieleza kitu kinaeleweka. Papi zipo! Mume wangu alikuwa amezipanga nyuma ya nyumba azitumie kwenye banda, nimemzuia.

Lakini kuna jambo linaniumiza na sijamwambia mtu. Baada ya kusoma hapa nimetafuta nakala ya fomu ya maombi ya mwaka ule wa kwanza. Wakala aliijaza yeye, mimi nikasaini tu mwishoni. Kuna swali linauliza paa limefanyiwa ukarabati lini mara ya mwisho, kaandika "mwaka huu". Sio kweli. Mimi hakuniuliza. Ukarabati wetu ulikuwa miaka 3 kabla ya pale, tulibadili misumari na kupaka rangi. Sasa nikidai ripoti na kuleta mawakili si ndo watafukua hiyo fomu waninyime hata robo? Nikae kimya?

---

Wakili_wa_Zamu

Marahaba dadangu, na umefanya jambo la maana kuliuliza sasa, kabla hawajaliuliza wao.

Usilifiche kwa wakili wako. Na usiandike popote uongo mwingine wa kuutetea huo, hapo ndipo watu wanapoteza kila kitu. Kosa la kwenye fomu linaweza kutetewa, kudanganya wakati wa kudai ni jambo ambalo linaweza kuua hata madai ya kweli.

Sheria ya bima tangu zamani inataka uaminifu wa hali ya juu, na msingi wake unatajwa mpaka leo kutoka kesi ya 1766 ambayo jaji Lord Mansfield aliamua, kwamba anayekata bima anajua mambo ambayo kampuni haiwezi kuyajua, kwa hiyo aseme. Wengi husahau kwamba katika kesi ile ile aliyekata bima ndiye aliyeshinda, na kwamba Mansfield alisema wajibu huo unabana pande zote mbili.

Kwenye sheria ya zamani kosa moja la maana kwenye fomu liliweza kuifanya kampuni ifute mkataba wote, hata kama ulikosea bila nia. Nchi nyingine zimebadilisha. Uingereza kwa mfano kuna sheria ya 2012 ya bima za watu binafsi, imetenganisha aliyedanganya kwa makusudi na aliyekosea kwa uzembe, aliyekosea anaangaliwa kampuni ingefanya nini kama ingejua ukweli, na kama ingekukatia bima kwa malipo ya juu zaidi, fidia inapunguzwa kwa uwiano huo tu. Nchi nyingine bado ziko na ya zamani, ndiyo maana hapa sasa nakuambia pata wakili wa kwako, jambo hili limevuka barua za kujiandikia.

Atakachoangalia ni kama jibu hilo lilikuwa na uzito, yaani wangejua ukarabati ni wa miaka 3 kabla wangekataa kukukatia bima au wangepandisha malipo? Paa la wakati ule lilikuwa na miaka 8 au 9, sioni kampuni ikikataa kwa hilo, lakini hayo ni mawazo yangu. Ataangalia pia wakala alikuwa wa nani. Wakala aliyeajiriwa na kampuni kuuza bima zake, sehemu nyingine anachokijua kinahesabiwa kampuni inakijua. Sehemu nyingine mkataba unasema akijaza fomu anakuwa mtu wako wewe. Na ataangalia mliposasisha bima mwaka hadi mwaka, kuna fomu nyingine ulijaza? Uliulizwa tena?

Risiti za misumari na rangi za ule ukarabati unazo? Hizo zitakuwa na kazi mbili, zinaonyesha hukuwa na nia mbaya na zinajibu ile hoja yao ya kukosa matengenezo.

---

Nilisaini_2

Wakala aliyekujazia fomu ndiye huyo huyo anayekuharakisha usaini? Mimi ningemwacha kumpigia simu. Kila kitu kwa maandishi kuanzia leo.

---

Paa_Limeenda

Ndiyo, ni yeye.

---

BintiYusufu

Dada hapo hata mimi nabadili maneno yangu, tafuta wakili. Ila kile kituo cha msaada wa kisheria anachosema Wakili kianze hicho, unaweza usilipe.

---

Paa_Limeenda

Nimerudi wakuu, nilisema nitaleta mrejesho. Ni wiki ya 3 tangu niandike hapa.

Nilienda kwenye kliniki ya sheria ya chuo, nikapokelewa na kijana anayesimamiwa na mwalimu wake, wakili mtu mzima mwanamke, amesoma mkataba wote mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa, na kalamu. Nilimwambia la fomu kabla hata sijakaa vizuri. Akasema asante kwa kuniambia, akaiweka fomu pembeni akaendelea. Risiti ya rangi nimeipata, ya misumari hapana.

Barua tuliyopeleka ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, iliomba vile vitu vitatu. Wamejibu baada ya siku 9, na wameleta ripoti ya mtathmini. Kwenye ripoti ameandika paa lina miaka 14 na "muonekano wa jumla ni wa uchakavu". Hakuna mahali alipotaja upepo. Hakuna mahali alipotaja papi. Kuna picha 4, zote za kutokea uani, moja ni ya jengo ambalo siyo la kwangu. Mwalimu alipoiona hiyo picha aliiangalia muda mrefu halafu akaniuliza taratibu, hili ni banda lako? Nikasema hapana, ukuta wetu hauna rangi hiyo.

Na ile robo nayo imejulikana, walichukua makadirio yao ya kuezeka wakakata asilimia 60 ya uchakavu, wakaondoa dari na waya zote kwa maelezo kwamba ni "hasara ya kufuatia", yaani iliyokuja baada ya paa kung'oka. Mwalimu amesema mkataba wangu hauna neno hilo kwenye kava ya upepo na mvua, na kwenye nyumba yenyewe ni wa kulipa kipya badala ya cha zamani, uchakavu unakatwa kwenye nguo na matandiko tu.

Injinia alikuja, mmoja anayefundisha chuo hicho hicho, amepanda, ameshika papi moja moja, ameandika kwamba kati ya 13 zilizong'oka 11 zimevunjika mbao ikiwa nzima. Karatasi ya hali ya hewa bado naisubiri.

Kuhusu fomu, mwalimu ameamua tusiitaje kwanza kwa sababu hawajaitegemea kwenye barua yao ya kukataa, ila ameniambia wakiuliza tutajibu ukweli wote siku hiyo hiyo, na amechukua maelezo yangu kwa maandishi ya jinsi wakala alivyoijaza.

Kampuni wamesema wanatuma mtathmini mwingine. Anakuja Jumatano saa 3 asubuhi, injinia atakuwepo na yule kijana wa kliniki atakuwepo. Ngazi nimeshaazima kwa jirani.